Ukoko wa Arafa

Sogeeni. Mwenye njaa akae mbali kidogo, maana hadithi hii inaishia kwenye sufuria na sitaki mtu animwagie mate begani. Wenye vyeti njooni mbele, niwaone vizuri mkikwama. Mimi shule niliiacha ikiwa bado inanihitaji, na fumbo hili nimelizungusha mitaa yote, sijampata msomi aliyelitegua bila kugombana na mwenzake wa pembeni. Kama wewe ndiye wa kwanza, nitakuvulia kofia. Kofia sina, lakini nitaazima.

Palikuwa na mji unaitwa Mkunguni. Msiutafute kwenye ramani. Ramani ina miji yake na mimi nina wangu. Mkunguni walikuwapo watu watatu wenye vipaji, na kila mmoja alijua kuwa anacho na akasema, jambo ambalo mimi sioni ubaya wake hata kidogo.

Wa kwanza ni Mzee Ngwali, fundi wa pepo. Kipaji chake kilikuwa sikio. Alikaa na mtu, akafukiza ubani, akapiga kigoma chake polepole, akasikiliza mpaka akasikia kinachosema humo ndani, kiwe pepo, iwe njaa, awe mume. Kwa desturi ya Mkunguni pepo hafukuzwi kama mwizi wa kuku. Anaulizwa jina, anaulizwa anataka nini, anapewa, mnakaa naye kwa heshima. Siku akiagwa anaondoka na vyake vyote, na mtu aliyekuwa amekaliwa anabaki kama alivyokuwa kabla. Hilo lishikeni. Nitalidai baadaye.

Wa pili ni Daktari Nyamizi, tabibu wa maradhi ya akili katika hospitali kubwa ng'ambo ya mto. Kipaji chake kilikuwa kalamu. Dhiki isiyo na jina yeye aliipa jina, na dhiki ikishapata jina ofisi zote huiamkia. Ungeweza kulia mbele ya karani mpaka kamasi zikaisha asikuone. Lakini ukimwekea mezani mstari mmoja wa Nyamizi, anakuvutia kiti.

Wa tatu ni Bi Mwanakheri, mkunga. Kipaji chake kilikuwa mikono na koo. Mikono ilipokea nusu ya mji. Koo ilikuwa ya vigelegele, na hapo pana desturi nyingine: Mkunguni, akizaliwa mvulana, mkunga hupiga kigelegele kwenye mlango wa mbele, kielekee barabarani. Akizaliwa msichana, hukipiga mlango wa uani, na kina mama wa nyua za jirani hukijibu. Jina linalotajwa baada ya kigelegele ndilo jina. Bi Mwanakheri alipopiga chake, kuku waliokuwa wamelalia mayai walisimama.

Sasa mtu wao. Anaitwa Arafa. Siku ya kuzaliwa kwake Bi Mwanakheri alitazama, akaona alichokiona, akaenda mlango wa mbele akapiga. Jina lililofuata silitaji. Mnaolisubiri mtasubiri sana. Mwenyewe alishalivua, na mimi si muokota nguo za watu.

Tangu ulimi wake ujue kusema, mtoto yule alisema yeye ni msichana. Alisema kwa upole, kama mtu anayekukumbusha kwamba umesahau mwavuli wako. Alipokuwa mdogo watu walicheka. Alipoanza kuota ndevu mbili tatu na bado anasema vilevile, kicheko kikaisha. Mjomba wake, Faki, alimkuta uani amejifunga kanga anakuna nazi, akamfunga mikono kwa kamba ya mbuzi, akatangaza kwamba anampeleka kwenye kambi ya kuvunja kokoto, ambako vijana wa namna ile hunyooshwa. Na ni kweli hunyooshwa. Wawili waliotangulia walirudi wamenyooka kabisa, wamebebwa mabegani.

Mama yake Arafa alikimbia mpaka kwa Mzee Ngwali, kichwa wazi, ndara moja yake na nyingine ya jirani. Ngwali alikuja baada ya alasiri na chetezo chake cha kufukizia ubani. Alimkuta Faki kasimama na fimbo, akamwomba asubiri kidogo, maana fimbo haiozi. Akaketi mbele ya yule mtoto. Akapiga kigoma. Akasikiliza muda mrefu, mpaka majirani waliopanda ukutani wakaanza kuona miguu inakufa ganzi.

Kisha akauliza: "Nani wewe?"

"Arafa."

"Unataka nini, Arafa?"

"Nataka kuitwa Arafa. Nataka kanga. Nataka nisipigwe."

Mzee Ngwali akainuka, akajipangusa magoti, akamgeukia Faki. Alimwambia kwamba humo mna pepo wa kike, wa asili ya heshima, lakini mwenye hasira za karibu. Kiti chake, yaani mtu aliyemkalia, kikipigwa, yeye hahami peke yake. Humpanda aliyeshika fimbo. Faki akaitupa ile fimbo kama aliyeambiwa ni nyoka. Kambi ya kokoto haikutajwa tena. Inasemekana kwa muda mrefu baadaye Faki alikuwa akijikagua kwenye kioo kila asubuhi, kuhakikisha hatamani hereni.

Basi Arafa akaishi. Akavaa kanga zake, akaitwa jina lake, na hakuna mkono ulioinuka juu yake. Lakini angalieni bei yake. Watu wote waliamkia pepo. Walimpita mlangoni wakauliza, Arafa hajambo humo ndani? Akipika, pepo kapika. Akilia, pepo kachoka. Akikosea chumvi walimsamehe, maana pepo hana mizani. Siku moja alimwambia mama yake: "Mama, nyumba nzima inaongea na mpangaji. Mwenye nyumba haamkiwi na mtu."

Mnaona? Na huyo ndiye aliyeokolewa.

Arafa alikua akaingia kwenye kundi la wapishi wa karamu. Na hapa siongezi chumvi, kwa kuwa wali wake haukuhitaji: akipika wali wa nazi, walioalikwa walikula, wasioalikwa walikula, na maadui wa bwana harusi walikula kisha wakamwombea dua. Alipokwisha kuiva katika kazi akataka kitu kimoja tu duniani: jiko lake mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe. Vyote viwili. Shikeni hapo, maana wengine mtaanza kusema angechukua kimoja.

Na kwa wapishi wa Mkunguni, kufungua jiko kuna mwiko wake. Sufuria ya kwanza ni wali wa nazi. Ukoko wake, ule wali uliokauka ukashika chini ya sufuria, hutolewa mzima, mviringo kama sinia, na haukatwi. Ukoko wa kwanza ukivunjwa, wateja nao huvunjika. Hupewa mtu mmoja tu, yule aliyemfikisha mpishi pale alipofika. Mpishi mwenyewe haruhusiwi hata kulamba kidole. Kupewa ukoko wa jiko jipya ni heshima kubwa kuliko kupewa mke, na wapishi wenyewe walikuwa wakisema hivyo mbele ya wake zao.

Basi Arafa akaenda ofisi ya baraza la mji. Ofisi ile ilikuwa na madirisha mawili yaliyotenganishwa na ubao. Dirisha moja la majina, karani wake Shomvi. Dirisha la pili la majiko, karani wake Pandu. Ubao ulikuwa na tundu, na kupitia tundu lile walipeana sukari ya chai, lakini habari za kazi hawakupeana kamwe.

Shomvi alimwambia Arafa kwamba jina la kiume halibadilishwi kuwa la kike kwa kutaka tu. Lazima daktari wa akili aandike kwamba mwombaji anaumwa. Arafa akauliza kama fundi wa pepo anaweza kuandika. Shomvi akamjibu kuwa baraza halitambui pepo, isipokuwa wakati wa uchaguzi.

Arafa akavuka mto mpaka kwa Daktari Nyamizi. Akaenda, akarudi, akaenda tena. Daktari alimuuliza habari za usingizi wake, chakula, utoto, yule mjomba, yule pepo. Hakucheka popote. Arafa alimwambia kwamba halali vizuri, hali kwa hamu, na kila akisikia lile jina la zamani likiitwa ofisini huhisi mtu kafariki na msiba ni wake. Mwishowe daktari akaiweka kalamu juu ya meza.

"Mwanangu, nikwambie ukweli. Kitabu changu hakina neno la kusema kwamba wewe ni Arafa. Kina neno la kusema kwamba unaumwa. Nikiliandika, dirisha la majina litafunguka. Nisipoliandika, utabaki nje ukiwa mzima."

"Na likishaandikwa, linafutika?"

Daktari akaigeuza ile kalamu pale mezani. Alisema wino wake ni mzito.

Arafa akamwambia andika.

Ugonjwa ule ulikuwa na jina refu kama garimoshi la mizigo. Mimi nilijaribu kulitamka nikaishiwa pumzi kwenye behewa la tatu, na mapafu yangu mnayajua. Lakini behewa la mwisho lilisomeka na kila mtu: ugonjwa wa akili. Shomvi akausoma mstari ule, akasimama, akavuta kiti, akagonga muhuri. Arafa akapewa kadi yenye jina Arafa. Aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena, kama mtu anayetafuta ilipoandikwa kwamba ni utani. Usiku ule, mama yake anasema, alilala mpaka jua likamtoa kitandani.

Kulipokucha akaenda dirisha la pili. Pandu akaipokea ile kadi, na pamoja nayo mstari wa daktari, maana karatasi za ofisi hufuatana kama bata. Akasoma polepole. Akamwangalia. Akasema jiko ni moto, jiko ni visu, jiko ni watu kukaa na kula kwa kuamini. Mwenye ugonjwa wa akili hapewi jiko.

"Pandu, si wewe uliyekula wali wangu harusi ya dada yako ukaongeza?"

"Nilikula kabla sijasoma," akasema Pandu.

Habari zikamfikia Bi Mwanakheri akiwa na mama mmoja mwenye uchungu. Alimaliza kazi kwanza, akapiga kigelegele, akanawa, ndipo akaenda. Hakupanga foleni, mwanamke yule hajawahi kupanga foleni. Alimkumbusha Pandu kwamba yeye alizaliwa ameshikilia kitovu chake mwenyewe, kama mtu anayeogopa kuibiwa, na kwamba hajabadilika. Kisha akasema yeye ndiye aliyempokea Arafa, ameyatazama makuzi yake yote, na hana ugonjwa wowote, wa akili wala wa kidole. Mkunguni kulikuwa na sheria ya zamani ambayo hakuna aliyekumbuka kuifuta: mkunga akiapa kwamba aliyempokea ni mzima, baraza linaamini. Bi Mwanakheri akaapa. Pandu akavuta mtoto wa meza. Akatoa muhuri wa majiko, akaupulizia.

Hapo likatokea jicho la Shomvi kwenye tundu la ubao. Kwa mara ya kwanza tangu ofisi ijengwe kikapita kitu kisicho sukari.

"Umesema ni mzima?" akauliza Shomvi. "Basi jina linarudi la zamani. Sheria yangu inataka mgonjwa."

Sasa tulieni, maana hapa ndipo mwenye diploma hukuna kichwa. Arafa akiwa mgonjwa, ana jina, hana jiko. Arafa akiwa mzima, ana jiko, hana jina. Madirisha yote mawili yalikuwa wazi, na yeye kasimama katikati, mbele ya ubao, ambapo hapakuwa na dirisha. Pandu, ambaye hakuwa na roho mbaya, ila alikuwa na woga, akamnong'oneza achukue jiko kwa lile jina la zamani, watu watakula tu. Arafa alimjibu kwamba hawezi kupika kwa jina la mtu asiyemjua. Akitia chumvi, chumvi hiyo ni ya nani? Akisifiwa, aitike nani?

Mkuu wa baraza, Bwana Kasiri, akaitisha kikao. Kasiri alikuwa mtu mwadilifu mwenye kasoro moja: alipenda maswali ambayo jibu lake ni ndiyo au hapana. Ukumbi ukajaa. Wanaume walikaa, wanawake walisimama, wauza karanga walifanya zote mbili. Kasiri akasema yeye anauliza neno moja tu: huyu anaumwa, au haumwi?

Kabla mtu hajajibu, Faki akasema kutoka nyuma kwamba hayo yote ni kupoteza muda, huyu si mgonjwa wala si mzima, ni kiti cha pepo, mji mzima unajua, na pepo hapewi jina la baraza wala jiko la watu. Watu wakaguna kukubali. Ndiyo, walikuwa wakijua. Walimwamkia kila siku.

Mzee Ngwali akasimama. Hakubishana. Alikuwa amekuja na chetezo chake, akakiwasha pale pale mbele ya Bwana Kasiri, ambaye alianza kukohoa kwa mamlaka. Akapiga kigoma, taratibu ileile ya siku ya fimbo ya Faki. Akasema kwa sauti ya mtu anayesindikiza mgeni: "Ewe uliyekaa naye, umekaa kwa adabu, umelinda ulipokaa, shukrani. Leo safari njema. Chukua vyako vyote."

Kigoma kikanyamaza. Ukumbi mzima ukajivuta mbele. Nilikwambieni mshike: pepo akiagwa anaondoka na vyake vyote, na mtu anabaki kama alivyokuwa kabla. Walingojea kanga ianguke. Walingojea sauti nzito. Faki alikuwa ameshaanza kutabasamu.

Arafa akapepesa macho kwa ule moshi, akajitengeneza kanga kichwani, akamwangalia yule mzee aliyekuwa akikohoa.

"Mzee, moshi huu utakuua kifua. Umekula leo?"

Ngwali akawageukia watu. "Pepo kaondoka na vyake," akasema. "Huyu aliyebaki ndiye aliyekuwapo kabla."

Faki akakaa. Hakuna aliyemwambia akae.

Bwana Kasiri, machozi ya moshi yakimtoka, akasema haya, pepo hayupo, basi yabaki ya daktari: anaumwa, imeandikwa. Daktari Nyamizi akaenda mbele. Alisema ni kweli aliandika, wala hakanushi mwandiko wake. Aliletewa mtu asiyelala, asiyekula, anayeomboleza kila akiitwa. Hiyo ni dhiki, na dhiki ndiyo kazi yake. Akaitibu.

"Dawa niliyompa iko mfukoni mwake," akasema. "Ni ile kadi. Leo analala, anakula, na ninyi mnamwona. Mgonjwa wangu kapona, Bwana Kasiri, sina sababu ya kumnyima jiko. Lakini mnyang'anyeni dawa, kesho nitaandika tena. Na safari hii nitaandika na jina la aliyemwambukiza."

Akaitoa kalamu yake, akafungua kifuniko, akamtazama Kasiri akingoja. Nimewahi kuona watu wakitishwa kwa panga. Sikuwahi kuona mtu mzima akiikwepa kalamu.

Shomvi, ambaye sheria yake ilikuwa imeanza kumponyoka, akauliza kwa unyonge: kama ni mzima, anakwenda hospitali kufanya nini? Maana Arafa bado alikuwa akivuka mto kwa daktari mara kwa mara, na hakuficha. Mzima gani anayeenda kwa tabibu?

Bi Mwanakheri alikuwa akilisubiri swali hilo kama paka asubirivyo utumbo.

"Shomvi, mwanangu, mama yako alikuja kwangu miezi yote uliyokuwa tumboni mwake. Alipimwa, alipewa kadi, alipewa kitanda. Alikuwa na ugonjwa gani? Wewe?"

Watu wakacheka, na Shomvi naye akacheka kidogo, kwa kuchelewa. Bi Mwanakheri akasema mtu anaweza kuhitaji mkono wa tabibu na bado akawa mzima. Angekuwa haamini hivyo, angelifunga duka lake zamani. Kisha akasema kuhusu jina wasimsumbue mtoto wa watu. Jina halitoki dirishani. Jina hufuata kigelegele, na kigelegele kile alikipiga yeye. Alipiga mlango wa mbele kwa kuwa mtoto alikuwa bado hana mdomo wa kumsahihisha. Sasa anao.

Akaukata ukumbi ule katikati, watu wakimpisha, akafungua mlango wa nyuma, ule wa kwenda uani ambako wahudumu huosha vikombe. Akavuta pumzi. Akapiga.

Mmeshasikia sifa za koo ile. Vikombe vilitikisika kwenye beseni. Na kutoka nyua za jirani, kina mama ambao hawakujua lolote kuhusu kikao, waliokuwa wakipepeta mchele na kuanua nguo, wakajibu, kama mikono yao na koo zao zilivyozoea: kazaliwa msichana mahali fulani, karibu. Kikajibiwa uani hapa, kikajibiwa uani pale, kikaenda mpaka mtoni. Bi Mwanakheri akasema jina kwa sauti ya kawaida tu. Arafa.

Bwana Kasiri akajipangusa macho. Swali lake la neno moja lilikuwa limelala mbele yake kama samaki aliyetolewa mifupa. Akasema jina libaki. Akasema jiko litolewe. Kisha, baada ya kufikiri, akasema na ule ubao ung'olewe. Ulipong'olewa, Shomvi na Pandu walitazamana kwa mara ya kwanza, kila mmoja akashangaa mwenzake kazeeka hivyo.

Mama yake Arafa alikaa chini pale uani, kati ya vikombe. Alikuwa amebana pumzi tangu siku ya ile kamba ya mbuzi, na sasa akaiachia yote kwa mkupuo. Alicheka mpaka akaomba maji.

Siku ya kufungua jiko, nazi zilikunwa asubuhi, moto ukatiwa, sufuria ikapaliwa makaa juu na chini. Wali ukaiva. Watu wakala, tena si haba. Pandu alikuja na sahani yake kutoka nyumbani, kubwa kuliko za pale, akasema safari hii kasoma. Sufuria ikabaki na kilichobaki chini. Arafa akapitisha mwiko pembeni, akazunguka nao taratibu, akainamisha sufuria juu ya sinia, akapiga tako lake mara moja. Ukoko ukatoka mzima. Wa rangi ya dhahabu iliyoungua kidogo, unanukia nazi, unalia kwa joto. Watu walishusha pumzi kama aliyejifungua salama.

Kwenye mkeka waliketi watatu, wameshanawa mikono, kila mmoja akijifanya anatazama kwingine.

Mzee Ngwali alisema hana haja ya kujisifu, ila maiti haipiki. Bila pepo wake, Arafa angelala chini ya kokoto, na hao wengine wangemtibu nani, wangemwapia nani? Daktari Nyamizi alisema ni kweli, lakini asiye na jina hafungui dirisha, na aliyemfungulia ni yeye, kwa wino wake mwenyewe. Bi Mwanakheri alisema dirisha lililofunguliwa na daktari ndilo lililomfungia jiko, na aliyelifungua jiko ni nani? Hapo adabu ikaisha. Daktari akamkumbusha Ngwali kwamba alimfanya mtu mpangaji ndani ya mwili wake mwenyewe. Ngwali akamwambia daktari kwamba naye alimfanya maradhi, na kwamba pepo wake angalau alikuwa na asili ya heshima. Kisha wote wawili wakakumbuka kwa pamoja kwamba bibi huyu ndiye aliyekwenda mlango wa mbele hapo mwanzo, na uzima wake wa kiapo ulikaribia kumrudishia mtoto jina la msiba. Bi Mwanakheri akawajibu kwamba yeye peke yake hakumwita kitu ambacho sicho ili kumsaidia. Wakamjibu kwamba hao waliomwita kitu ambacho sicho ndio waliomfikisha hai mpaka kwake.

Arafa alikuwa akicheka tu, sinia mikononi, jasho usoni, jina lake limeandikwa kwa rangi mpya juu ya mlango nyuma yake. Alisema amewapenda wote na hamchagui yeyote. Mkunguni mpishi hawezi kukataa kuchagua, lakini anaweza kumwomba mgeni amchagulie.

Mgeni ni wewe. Najua mjanja mmoja humu alikuwa anataka kusema Arafa ale mwenyewe. Nimeshakuambia mpishi halambi kidole. Najua mwingine anataka kuukata vipande vitatu. Wewe utatufilisia jiko. Na yule aliyedhani nitapewa mimi kwa kuhadithia vizuri, ahsante, wazo lako ni zuri kuliko yote, lakini Mkunguni hawanijui bado.

Ukoko unapoa, jamani, na ukoko uliopoa ni jiwe. Mmoja alimwita pepo, akaishi. Mmoja alimwita mgonjwa, akapata jina. Mmoja alimwita mzima, akapata jiko. Sinia hiyo hapo, nakukabidhi mkononi, bado ina moto. Simama nayo mbele ya mkeka: unaiweka mbele ya nani, na wale wawili unawaambia nini?